Mahali Baba Alipozima Filamu

Baba yangu alikuwa mwongo, na nusu ya mji wa Gisenyi ilimpenda kwa hilo. Alikuwa na chumba cha video huko Majengo: mabenchi ya mbao, televisheni iliyofungiwa ndani ya kizimba cha chuma kama mfungwa, na kipaza sauti. Filamu ikianza, yeye alipunguza sauti ya Wazungu na kuingiza yake. Kwetu filamu inayosimuliwa namna hiyo inaitwa agasobanuye, na hata leo wapo vijana wanaoishi kwa kazi hiyo. Wengi husimulia kwa Kinyarwanda. Baba alizaliwa Goma, mji wa ng'ambo ya mpaka, na akaoa huko, kwa hiyo alisimulia kwa Kiswahili cha kule. Watazamaji wake wengi walikuwa wamevuka mpaka asubuhi na nyanya zao, na walitaka kucheka kidogo kabla ya kurudi.

Sheria ya chumba kile ilikuwa moja: akteri hafi. Akteri ni yule mtu wetu, mwenye haki. Waliobaki wote ni bandi. Ukiingia umechelewa, hukuuliza filamu inahusu nini, uliuliza akteri ni nani, ukishaonyeshwa unakaa ukiwa na amani.

Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya farasi, ya zamani sana, isiyo na rangi. Akteri ni ofisa wa serikali. Huko magharibi mwa nchi yao kuna matajiri wa dhahabu wanaotaka kukata kipande chao wawe nchi peke yao, na serikali inamtuma awaingie kwa siri. Ili wamwamini, anavuliwa vyeo mbele ya watu kama msaliti. Ndugu yake mwenyewe anamtemea mate barabarani naye hawezi kusema neno. Anavaa koti lao, anakula nao, anawabebea baruti. Mkuu mmoja tu wa jeshi ndiye anayeujua ukweli, na mkuu huyo anauawa katikati ya filamu. Hapo mama zetu walikuwa wanashika vichwa.

Mwishoni akteri anawafungulia askari wa serikali lango la ngome, na moshi unajaa kioo chote. Hapo ndipo baba alipozima. Alisema kuanzia pale mkanda uliliwa na mashine, kisha akasimama mbele na kutumalizia kwa mdomo: jinsi akteri alivyovuka mto na farasi wake, akafika kwa mama yake jioni, mama akamtambua kwa kikohozi kabla hajamwona uso, akampashia maji ya kuoga, akampikia sambaza. Ndiyo, sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, huko kwa Wazungu! Hakuna aliyecheka. Wanawake walifuta machozi, wakabeba vikapu vyao wakaenda mpakani.

Mama yangu alikuwa akikaa benchi la mbele na rozari yake, katika chumba ambacho baba alikipanga kwa Mwislamu, akimwombea akteri. Filamu ile aliijua kama anavyojua misa.

Baba alikufa, chumba kikawa duka la vipodozi. Mimi nina duka la vitenge karibu na Petite Barrière, ule mpaka wa watembea kwa miguu, na mama anaishi nami. Mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba, alibaki Goma katika nyumba ya bibi yetu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza simu, na ndiye aliyekuwa akinitumia mizigo. Kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo wa kutembea. Watu wa mbali wakisikia nchi mbili hudhani ni safari. Sisi tulikuwa tunavuka kwenda kuazima sufuria.

Kisha vita vikasogea. Siwezi kueleza nani alikuwa anapigana na nani kwa sababu gani. Kila aliyeingia dukani alikuwa na maelezo yake, na wengine walisema kuna wanaotaka kuikata nchi, wengine wakakataa kwa viapo. Mimi nauza vitenge. Ninachojua ni kwamba milio ilitingisha vioo vya duka langu, watu walivuka wakiwa na magodoro kichwani, na simu ya mdogo wangu ikawa inajibu kwa sauti ya yule mwanamke wa mashine anayesema mtu huyu hapatikani. Nilimchukia mwanamke yule. Nilimtukana kwa Kifaransa, Kiswahili na Kinyarwanda, naye akarudia yale yale kwa adabu.

Mama alikuwa akishinda mpakani akiwauliza waliovuka. Alikuwa akieleza alama za mwanawe, urefu, kovu la nyusi, anavyotembea. Jioni alirudi, akaketi bila kuvua kanga ya kichwani, kana kwamba ataitwa tena.

Hatimaye habari ililetwa na mama mmoja wa mboga, mteja wangu wa miaka mingi, anayevuka kila mpaka unapofunguliwa. Alifunga mlango wa duka nyuma yake, akanipa simu yake. Ilikuwa video fupi. Vijana wenye bunduki wamepanga mstari kwenye mzunguko wa barabara, kiongozi wao anahutubia watu. Nyuma yake, amevaa koti lao la kijani, amebeba sanduku begani, ni mdogo wangu.

Siwezi kusema nilifurahi kwamba yu hai. Nilipaswa kufurahi. Nilichosikia kwanza ni aibu, ikifuatwa na hasira iliyonikausha mate. Vijana wale walikuwa wamefukuza watu kwenye nyumba zao, wengine ni shangazi zetu. Nilitaka nimpate nimpige makofi mpaka mkono uvimbe.

Nilimwonyesha mama kwa sababu ilikuwa dhambi kumficha. Aliitazama, akaniambia nirudishe nyuma, akaitazama tena.

"Angalia macho yake," alisema. "Ule mutu haiko nao."

"Mama, iko nao. Iko anabeba sanduku yao."

"Hata akteri alibeba. We ulisahau? Alibeba baruti yao, ye mwenyewe." Alinirudishia simu, na kwa mara ya kwanza tangu vita vianze alifungua kanga ya kichwani. "Iko anajifanya. Mutoto yangu iko ku kazi."

Nilidhani ni maneno ya uchungu, yatapita na usingizi. Hayakupita. Asubuhi aliamka amepona. Alikunywa uji, akaimba, akaanza kutembelea watu. Kumbe alikuwa amekwisha kupanga kila kitu: video ile ilikuwa sehemu ile ya akteri kutemewa mate, na baada ya kutemewa mate, kila mtu aliyekaa katika chumba cha baba anajua kinachofuata ni mto, maji ya kuoga na sambaza.

Nami, Mungu anisamehe, nilimwacha. Alikuwa anakula, alikuwa analala. Nani angemnyang'anya mama yake kitu kama hicho? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi sikuzaa.

Tatizo ni kwamba mama hajawahi kuweka siri katika maisha yake. Anaitunza kwa namna yake: anakwambia kwamba ipo. Jirani akimuuliza habari za mwanawe, alikuwa anashusha sauti, anaangalia nyuma na mbele, kisha anasema, "Iko ku kazi ya siri. Siwezi sema zaidi." Akamwambia hivyo mwanamke wa maziwa. Akamwambia katekista. Akawaambia wamama wa mboga pale kwenye foleni ya mpaka, wanaovuka kila siku na midomo yao.

Yule mteja wangu alirudi. Safari hii hakuketi.

"Yaya, sitaki matata na mama yako," alisema, akiniita dada mkubwa kwa lugha ya kule, huku akichezea ncha ya kitenge kwenye meza. "Lakini kule ng'ambo banasema ndugu yako ni mupelelezi. Banasema mama yake mwenyewe njo alisema. Sasa bale bavijana bakisikia…"

Hakumaliza. Hakukuwa na haja. Niliketi juu ya marobota. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema, lakini hapa mdomo ulikuwa wa mmoja na kichwa cha mwingine.

Nilikwenda nyumbani nikampigia mama kelele ambazo mtoto hapaswi kumpigia mama. Nilimwambia, "Unajua unamuua?"

"Namuua na nini? Na kumutetea?"

"Na mudomo, Mama! Bakijua iko mupelelezi banamuua."

"Akteri hafi," alijibu, na hakuwa anatania. Alisema kama mtu anavyokwambia jua litachomoza. Aliniambia wote waliomzunguka akteri walimshuku, tena wakamfunga kamba, na bado alivuka mto. Aliniuliza kama baba yangu hakunifundisha kitu.

Nilielewa basi kwamba sishindani na mama. Nashindana na baba, na yeye ana kipaza sauti.

Nikaitafuta ile filamu. Baba aliipa jina lake mwenyewe, kwa hiyo jina halikunisaidia. Nilikaa dukani na kompyuta yangu nikitafuta kwa kubahatisha: farasi, mpelelezi, dhahabu, watu wanaotaka kujitenga. Nilifungua nyingi nikazifunga. Kisha nikamwona, akteri wetu, na kile kidevu chake. Nilimtambua kama mjomba aliyepotea. Filamu ilikuwa nzima. Hakuna mashine iliyokuwa imekula kitu.

Niliruka moja kwa moja hadi kwenye moshi.

Moshi unapungua. Askari wa serikali wanaingia langoni. Akteri amesimama katikati, amevaa koti la wale wengine, amenyoosha mikono. Anasema jina lake. Anasema tena, kwa sauti zaidi, lakini aliyekuwa akilijua jina hilo ameshakufa. Kijana mmoja wa upande wake mwenyewe anampiga risasi, wala si kwa ubaya, ni kwa sababu ya koti. Askari mwingine anaokota kofia yake, anaijaribu, inamshuka hadi machoni, anaitupa. Muziki unapigwa, majina ya waigizaji yanapanda. Hakuna mto na hakuna mama katika filamu nzima. Hata wa kutajwa tu hayupo.

Nilimlaani baba kwa sauti, peke yangu, mkasi mkononi. Baada ya kumlaani nikaona yale mabenchi, na wale wanawake waliokuwa na wana wao katika majeshi ambayo hakuna aliyejua yako wapi, na nikajua kwa nini alikuwa akizima. Lakini kujua hakukunipunguzia hasira. Yeye alikuwa amepumzika makaburini, na mimi ndiye niliyeachiwa kazi ya kuwasha.

Jumapili baada ya misa nilimpikia mama ugali na sombe ya majani ya muhogo. Alipomaliza kula niliweka kompyuta mezani nikamwambia nimeipata filamu ya baba. Alipiga makofi. Alienda kuleta miwani yake, akavuta kiti karibu, na rozari ikawekwa magotini kama zamani.

"Simulia," alisema.

Nikasimulia. Sijui nilitoa wapi, lakini sauti ya baba ilikuwa ndani ya koo langu, na utani wake, na namna yake ya kumfanya kila tajiri aseme Kifaransa cha majivuno. Mama alinisahihisha. "Non, non, hapo baba yako alisema farasi iko na malaria." Alicheka kwenye sehemu zile zile. Alikunja uso ndugu alipotema mate. Nilikuwa nikisimulia huku nikijiona mnyama, maana nilijua ninampeleka wapi.

Lango likafunguliwa. Moshi ukajaa.

"Hapo," alisema, akajiegemeza nyuma, ameridhika. "Sasa anavuka."

Sikuzima. Nilinyamaza. Moshi ulianza kupungua na mama akasogea mbele, kwa kuwa hakuwahi kuona picha zile.

"Ni nini hii? Anasema nini?"

"Anasema jina yake."

"Na bao baaskari?"

"Habamusikii, Mama."

Risasi ilipolia, mama alishika mkono wangu. "Simulia," alisema. Sikuweza. "Simulia! Baba yako hakunyamazaka hivi!" Alikuwa analivuta shati langu, macho kwenye kioo, akisubiri nitie kitu pale, mto, farasi, chochote, na mimi nilikuwa na Kiswahili chote cha Goma mdomoni nisipate hata neno. Askari akaijaribu ile kofia. Akaitupa.

Majina yalipanda hadi yakaisha. Mama aliendelea kutazama kioo cheusi.

Nikamwambia polepole, na hiki ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kumwambia mtu: "Mama, akiwa mupelelezi kweli, bakijua, anakufa. Akiwa si mupelelezi, bakisikia maneno yako, anakufa vile vile. Hakuna pahali anapona, kama we unaendelea kusema."

Alivua miwani. "Baba yako alikuwa muongo," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Mungu amuweke pahali pazuri." Kisha akaanza kutaja watu aliowaambia. Mwanamke wa maziwa. Katekista. Yule wa karoti kutoka Busasamana. Kila alipomkumbuka mmoja alijipiga kifuani, kama mtu anayeungama, na kila nilipodhani amefika mwisho alimkumbuka mwingine. Nilimkumbatia. Nilikuwa na huruma naye, na bado nilikuwa na hasira naye, na vyote viwili havikutaka kupisha.

Wiki ile ile, asubuhi, simu yangu ililia kwa namba nisiyoijua.

"Yaya," ilisema sauti ya mdogo wangu.

Matusi yote niliyokuwa nimeyapanga yalikimbia. Niliweza tu kusema jina lake.

"Mama iko hapo? Mupatie. Weka ku sauti kubwa. Na huku tumeweka."

Tumeweka. Nilielewa hayuko peke yake. Alizungumza kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. Niliweka simu mezani, mama akaja akiwa ameshika kijiko cha kukorogea uji.

"Mama, kuko maneno huku. Banasema mi ni mupelelezi. Banasema ilitoka kwako."

Kabla mama hajajibu, sauti nyingine iliingia, ya mwanamume mtu mzima, taratibu, yenye adabu kubwa. "Mama, habari ya asubuhi. Utusamehe kukusumbua. Tunauliza tu. Huyu kijana wako ni wa nani?"

Nilimtazama mama yangu. Aliweka kijiko chini. Akajifunga kitenge upya, kana kwamba yule mtu anaweza kumwona, akasimama wima.

"Ni wenu," alisema.

"Umesemaje, Mama?"

"Nimesema ni wenu. Alitoka hapa akaniambia anakuya kwenu, nikamulaani, mi mama yake. Kiisha nikaona haya. Batu banauliza mutoto iko wapi, niseme nini? Niseme mutoto yangu iko nanyi? Njo nikasema iko ku kazi ya siri. Nilidanganya. Ni uongo ya mama mwenye haya." Sauti yake haikutikisika hata kidogo. "Kama munataka kuua mutu juu ya uongo, mi njo huyu. Mi iko karibu, munaniona hata toka pale."

Kisha mwanamume yule alicheka kidogo, kicheko cha kawaida kabisa, kama cha mteja.

"Hapana, Mama. Tulitaka tu kujua. Asante."

Simu ikakatika. Nilipiga namba ile papo hapo, na nikapokewa na yule mwanamke wa mashine.

"Mwishoni alisema kitu?" mama aliniuliza. "Mutoto. Ulimusikia?"

Sikuwa nimesikia kitu. Nilimwambia hivyo, kwa kuwa sikutaka tena kumsimulia mambo yasiyokuwepo. Uji ulikuwa umeungua. Mama aliuondoa jikoni, akavaa viatu, akachukua mwavuli, akatoka.

Alikwenda kwa mwanamke wa maziwa akamwambia: nilikudanganya, mutoto yangu ni wao. Alikwenda kwa katekista. Kanisani Jumapili iliyofuata alisema kwa sauti, watu wakitoka, bila kuulizwa. Tangu siku hiyo benchi letu lina nafasi kubwa kila upande. Dukani kwangu wateja wamepungua, wengi wana ndugu waliofukuzwa, na siwezi kuwalaumu. Namba ile haijapiga tena. Sijui kama mdogo wangu yu hai. Sijui hata alikuwa nani ndani ya koti lile. Siku moja nilimuuliza mama, tukiwa wawili tu na mlango umefungwa, yeye moyoni anaamini nini.

"Usiniulize," alisema. "Hata humu ndani usiniulize."

Kila asubuhi anakwenda kwenye foleni ya Petite Barrière, kwa wamama wa mboga, kabla hawajavuka. Nilimfuata juzi kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Nilimkuta amesimama mbele ya yule mteja wangu wa zamani, aliyekuwa na kikapu cha kabichi kichwani na macho mekundu.

"Pole, Maman," alikuwa akisema yule mwanamke. "Pole sana."

"Usinipatie pole," mama alisema. "Ukivuka na pole, batasema kuko kitu, batasema mutoto si wao. Unitukane."

"Maman, siwezi."

"Unitukane kwa nguvu. Bote basikie."

Yule mwanamke alitua kikapu chake chini. Alikuwa amekula kwetu, amelia kwenye mabenchi ya baba. Akavuta pumzi, akamwita mama yangu mama wa wauaji, na tumbo lake tumbo la nyoka, kwa sauti iliyowafanya watu wote wa foleni wageuke. Mama aliitikia kwa kichwa, akasogea kwa mwanamke anayefuata.